Upendeleo wa weupe: Wamarekani wanagombania nini hasa?

Tarehe 29 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri kuhusu yale yanayofundishwa katika shule za Marekani. Kati ya mambo yaliyotajwa waziwazi ndani yake kuwa yanadhoofisha umoja wa taifa ni dhana ya "upendeleo wa weupe". Dhana iliyokulia vyuoni na kwenye semina za kazini ilikuwa imefika Ikulu, ingawa ilifika kama mshtakiwa.

Tatizo ni kwamba wanaoishutumu na wanaoitetea mara nyingi hawasemi kitu kimoja. Huyu akisema upendeleo, yule anasikia utajiri. Huyu akisema weupe, yule anasikia "wewe na baba yako ni wabaguzi". Anajibu kwa hasira kwamba yeye kalelewa na mama mmoja aliyefanya kazi usiku na mchana, na kwamba huo upendeleo haujawahi kupita mtaani kwao. Hapo mjadala unakufa kabla haujaanza.

Tuanze na maana. Upendeleo wa weupe ni nafuu anayoipata mtu kwa sababu tu jamii yake inamhesabu kuwa Mzungu. Hakuiomba, hakuitolea jasho, na mara nyingi haioni. Si lazima iwe hela wala cheo. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni kikwazo ambacho hakikuwekwa njiani mwake: hafuatwi na mlinzi dukani, hasimamishwi na polisi kwa sababu gari lake ni zuri mno kwa sura yake, haulizwi kwao ni wapi hasa katika nchi aliyozaliwa.

Mfikirie anayetumia mkono wa kulia. Mikasi mingi imetengenezwa kwa mkono huo, madawati ya vyuo yenye ubao wa pembeni vilevile. Hajawahi kuamka asubuhi akashukuru kwamba mkasi unamkubali. Anayetumia kushoto ndiye anayejua mkasi ni wa nani, kwa sababu unamuumiza kidole. Na wa kulia haambiwi kwamba anawachukia wa kushoto, wala kwamba maisha yake ni mteremko. Anaambiwa jambo dogo tu: kuna usumbufu mmoja ambao wewe huna, na hukujua kuwa huna.

Lakini mfano huo hautufikishi mbali. Mtengeneza mikasi hakuwa na nia mbaya. Historia ya Marekani ina sheria zilizoandikwa kwa makusudi, zina tarehe, na waliozipitisha wanajulikana kwa majina.

Virginia ya karne ya 17 lilikuwa koloni la Waingereza lililoishi kwa tumbaku. Mashambani walifanya kazi pamoja watumishi wa mkataba kutoka Ulaya na watu waliotolewa Afrika. Walichapwa pamoja na mara nyingine walitoroka pamoja. Mwaka 1676 Nathaniel Bacon alipoongoza uasi dhidi ya gavana, Wazungu maskini na Weusi walisimama upande mmoja, na Jamestown, makao makuu ya koloni, ikateketezwa. (Bacon mwenyewe hakuwa mtetezi wa wanyonge. Kilichomkera ni kwamba gavana hakumruhusu kuwashambulia wenyeji asilia kadiri alivyotaka.) Wanahistoria wanabishana uasi ule ulichangia kiasi gani yaliyofuata, lakini yaliyofuata yenyewe yako kwenye maandishi. Sheria ya Virginia ya mwaka 1705 iliagiza kwamba mtumishi Mzungu akimaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Ikakataza kumchapa mtumishi Mzungu Mkristo akiwa uchi bila kibali cha hakimu. Mtumwa Mweusi hakupata ulinzi huo. Ng'ombe, farasi na nguruwe wake walinyang'anywa wakauzwa, na fedha zikaenda kuwasaidia maskini wa parokia.

Mtumishi yule Mzungu hakutajirika. Mahindi yale yangeisha, shilingi 30 zingeisha. Alichopata cha kudumu ni mstari chini yake ambao hangeweza kuanguka akaupita. Huo ndio upendeleo wa weupe katika umbo lake la kwanza, na tangu siku hiyo uliweza kukaa nyumba moja na umaskini bila kugombana nao.

Nchi ilipopata uhuru, mstari ule ukaingia kwenye uraia. Sheria ya mwaka 1790 ilisema mgeni anayeweza kuomba uraia ni "mtu mweupe huru". Na nani ni mweupe? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1922 Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani aliyeishi Marekani kwa miaka mingi, alidai kwamba ngozi yake ni nyeupe kuliko ya wengi wanaoitwa weupe. Mahakama ikamjibu kwamba rangi ya ngozi si hoja, mweupe ni mtu wa jamii ya Kaukasi, jina ambalo wataalamu wa zama zile walilipa kundi lenye Wazungu ndani yake. Miezi mitatu baadaye akaja Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa Punjab, akiwa na hoja iliyoonekana kufungwa vizuri: wataalamu wa zama zile waliwahesabu watu wa kaskazini mwa India kuwa Wakaukasi. Safari hii Mahakama ikasema sayansi si hoja, mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida anamwita mweupe. Mahakama ileile, katika kipindi kilekile cha vikao. Kizuizi cha rangi katika kuomba uraia kiliondolewa kabisa mwaka 1952.

Naziona kesi hizi mbili kuwa muhimu kuliko hotuba nyingi, kwa sababu zinaonyesha kwamba weupe unaozungumzwa hapa ni uanachama, na mwenye kuamua ni yule anayeshika mlango.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kueleza jambo hili lote, nitachagua nyumba.

Kabla ya miaka ya 1930, mfanyakazi wa kawaida wa Marekani hakuweza kununua nyumba kwa urahisi. Benki zilidai malipo makubwa ya mwanzo na deni lilipwe katika miaka michache. Serikali ya Franklin Roosevelt ikabadilisha mchezo. Mwaka 1934 likaundwa shirika la serikali kuu la kudhamini mikopo ya nyumba: mnunuzi akishindwa kulipa, benki inafidiwa. Benki zikapata ujasiri, malipo ya mwanzo yakashuka, muda wa kulipa ukarefushwa. Mamilioni ya familia zikapata hati za nyumba zao.

Ila udhamini ulikuwa na masharti. Katika miaka hiyohiyo chombo kingine cha serikali kilichora ramani za miji na kuipa mitaa rangi nne kulingana na hatari ya kukopesha: kijani, bluu, njano na nyekundu. Mitaa waliyoishi Weusi kwa kawaida ilipakwa nyekundu, hata pale wakazi wake walipokuwa na kazi na kipato cha kueleweka. Mwongozo wa shirika la udhamini, kwa upande wake, ulipendekeza hati za nyumba ziwe na masharti ya kuwazuia watu wa rangi nyingine kuhamia. Mweusi mwenye mshahara sawa na Mzungu alikwama huku na huku: mtaani kwake benki haikopeshi, na mtaa inakokopesha haruhusiwi kuishi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari waliahidiwa msaada wa masomo na mikopo kupitia sheria ya mwaka 1944. Kwenye karatasi sheria hiyo haikutaja rangi. Utekelezaji uliachiwa benki na maofisa wa majimboni. Huko Mississippi, uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji 13 ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na idara ya askari wastaafu, miwili tu ilikwenda kwa Weusi. Mwaka huohuo, jimbo la New York, mjenzi William Levitt alianza kujenga Levittown, mji wa nyumba zaidi ya 17,000 za bei ya mfanyakazi, takriban dola 8,000 kila moja. Mikataba yake ya mwanzo ilikataza nyumba hizo zikaliwe na asiyekuwa Mzungu. Leo nyumba zilezile huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Fuata mtiririko wake. Nyumba inapanda thamani bila mwenyewe kuinua kidole. Akiugua anaikopea, mtoto akifika chuo anaikopea tena, akifa anairithisha. Na kwa kuwa shule za umma za Marekani hutegemea kwa sehemu kubwa kodi za majengo ya eneo husika, mtaa wenye nyumba ghali unapata shule yenye fedha. Ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968. Lakini sheria ile ilifungua mlango baada ya nyumba kupanda bei, na haikugusa faida ambayo ilikwisha kupatikana. Mwaka 2022 utafiti wa Benki Kuu ya Marekani ulionyesha kwamba ukizipanga familia za Wazungu kuanzia maskini hadi tajiri, iliyo katikati ina mali ya dola 285,000. Ya Weusi ina dola 44,900.

Mjukuu aliyerithi hati ile hakumbagua mtu. Huenda babu yake pia hakumbagua mtu, alijaza fomu tu kama wenzake. Ndiyo maana swali la "je, mimi ni mbaguzi?" halitusaidii sana hapa. Upendeleo unaweza kuendelea kuzaa hata pale wenye chuki wote walipokwisha kuzikwa.

Je, ni mambo ya kale tu? Hapana. Mwaka 2001 na 2002 watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni takriban 5,000 kujibu matangazo ya kazi huko Boston na Chicago. Sifa zilipangwa zilingane, tofauti ikawa majina: mengine yanayosikika ya Kizungu, kama Emily na Greg, mengine yanayosikika ya Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa kiwango cha asilimia 50 zaidi. Miaka hiyohiyo, mjini Milwaukee, mwanasosholojia Devah Pager aliwapeleka vijana kuomba kazi ana kwa ana, baadhi wakijieleza kuwa wamewahi kufungwa. Mzungu aliyedai kuwa na rekodi ya jela aliitwa tena mara 17 katika kila 100. Mweusi asiye na rekodi yoyote aliitwa mara 14. Isome tena taratibu, maana mimi ilinibidi.

Mtu anaweza kusema hapo: basi tatizo ni ubaguzi dhidi ya Weusi, kwa nini tuzungumzie upendeleo? Ni kwa sababu nafasi ya kazi ni moja. Lakisha asipoitwa, simu haipotei hewani. Inalia kwa Emily, na Emily ana kila haki ya kuamini kwamba aliitwa kwa uwezo wake tu.

Tumrudie sasa yule aliyekasirika, Mzungu maskini, kwa sababu malalamiko yake si ya kupuuzwa. Katika Marekani maskini walio Wazungu ni wengi kwa idadi kuliko maskini Weusi, ingawa Weusi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa maskini. Mwaka 2015 wanauchumi Anne Case na Angus Deaton walionyesha kwamba vifo vya Wazungu wa makamo vilikuwa vikiongezeka, hasa miongoni mwa wasio na elimu ya chuo, kwa dawa za kulevya, pombe na kujiua. Ukimwendea mchimba makaa wa West Virginia aliyepoteza kazi na pafu moja ukamwambia ana upendeleo, usishangae akikufukuza. Jibu sahihi kwake ni kwamba umaskini wake ni wa kweli na una sababu zake, ila rangi yake si mojawapo ya sababu hizo.

Siasa inaingia hapo. Mwaka 1935 msomi W.E.B. Du Bois alijiuliza kwa nini, baada ya utumwa kukomeshwa, vibarua Wazungu wa kusini hawakuungana na vibarua Weusi kudai mishahara bora. Jibu lake ni kwamba Mzungu alilipwa ujira mdogo wa fedha pamoja na ujira mwingine wa hadhi. Aliitwa bwana, aliingia bustani za umma, polisi walitoka kwa watu wake, na mahakama zilimwonea huruma kwa sababu zilitegemea kura yake. Ujira huo haukumgharimu mwajiri chochote.

Na kura yenyewe ililindwa. Mwaka 1898 Louisiana iliandika katiba iliyodai mpiga kura awe anajua kusoma au awe na mali. Maskini Wazungu wengi wangeng'olewa pia, kwa hiyo wakawekewa kichochoro: aliyekuwa na haki ya kupiga kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867, au ambaye baba au babu yake alikuwa nayo, hahitaji masharti hayo. Tarehe ilichaguliwa kwa akili, kwani Weusi wa jimbo hilo walianza kupiga kura baada ya hapo. Neno "rangi" halikuhitajika. Weusi walioandikishwa kupiga kura Louisiana walikuwa 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1900 walikuwa 5,320. Mahakama ya Juu ilifuta vichochoro vya namna hii mwaka 1915, lakini njia nyingine za kuwazuia Weusi ziliendelea hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Kizazi kizima na zaidi cha maseneta, majaji na wakuu wa polisi wa kusini kilichaguliwa hivyo, na maseneta hao ndio walioshiriki kuamua mikopo, pensheni na shule za nchi nzima.

Ujira wa hadhi una gharama pia kwa anayeupokea, na hili halisemwi vya kutosha. Montgomery, Alabama, ilikuwa na bustani nzuri iitwayo Oak Park, yenye bwawa la kuogelea la umma, kwa Wazungu tu. Weusi walipofungua kesi wakidai waruhusiwe katika bustani za jiji, viongozi walizifunga zote kuanzia tarehe 1 Januari 1959. Bwawa likafukiwa, na wanyama wa bustani wakauzwa. Mzungu mwenye uwezo alijenga bwawa nyuma ya nyumba yake au akajiunga na klabu. Mzungu asiye na uwezo alibaki na jua kama Mweusi. Nadhani siasa nyingi za Marekani kuhusu huduma za umma, iwe bima ya afya au msaada kwa maskini, hazieleweki bila kulikumbuka bwawa lile.

Upande mwingine wa siasa ni nani anahesabiwa kuwa mgonjwa na nani mhalifu. Sheria ya mwaka 1986 iliweka adhabu ileile kwa gramu 5 za kokeini ya vipande vya kuvuta (crack), iliyohusishwa na mitaa ya Weusi, na gramu 500 za kokeini ya unga, iliyohusishwa na wenye fedha. Uwiano wa 1 kwa 100 ulipunguzwa mwaka 2010 ukawa 1 kwa 18. Janga la dawa za maumivu lilipozikumba familia za Wazungu, wanasiasa walewale wa mkono wa chuma wakaanza kuzungumza kuhusu tiba. Walikuwa sahihi kuzungumza hivyo. Kinachouma ni kwamba walijua namna ya kuzungumza.

Kuna hoja mbili hutolewa kila mara kama vile zinafunga kesi. Ya kwanza: Barack Obama alichaguliwa mara mbili. Kweli, na Hiram Revels, Mweusi, aliingia Seneti mwaka 1870, kisha Weusi wa kusini wakanyang'anywa kura. Mtu mmoja kuvuka hakusemi mengi kuhusu upana wa mto. Ya pili ina uzito zaidi: kaya za Wamarekani wa asili ya Asia zina kipato cha kati kikubwa kuliko za Wazungu. Sehemu ya maelezo ni sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, ambayo pamoja na mengine iliwapa nafasi wenye taaluma, kwa hiyo wengi walifika wakiwa na shahada. Hata hivyo hoja hiyo inatukumbusha jambo la haki. Upendeleo wa weupe hauwezi kueleza kila tofauti ya kipato, na anayeutumia kueleza kila kitu anaupa kazi isiyo yake.

Ndiyo maana nina mashaka na namna dhana hii ilivyosambaa. Mwaka 1988 Peggy McIntosh, mtafiti Mzungu, aliorodhesha nafuu ndogondogo alizozipata kila siku kwa rangi yake. Orodha ilikuwa na manufaa yake. Lakini miaka iliyofuata ikageuka zoezi la semina, watu wakikaa duara wakiungama upendeleo wao na kurudi mezani kwao, huku ramani za mikopo na fedha za shule zikibaki vilevile. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 ulikuta kwamba watu wenye mrengo huria waliposomeshwa kuhusu upendeleo wa weupe, huruma yao kwa Weusi maskini haikuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba huruma yao kwa Wazungu maskini ilipungua. Kama lengo lilikuwa kuwaunganisha wale vibarua wa Du Bois, hiyo ni hasara tupu.

Kama tatizo ni mali iliyorundikana kuliko mioyo, basi ubishi wa kweli ni kuhusu mali. Mji wa Evanston, kaskazini mwa Chicago, umejaribu. Mwaka 2021 baraza lake lilipitisha mpango wa kuwapa hadi dola 25,000 za nyumba Weusi walioishi humo kati ya mwaka 1919 na 1969, au wazao wao, kwa fedha za kodi ya bangi. Linganisha kiasi hicho na pengo la dola 240,000 tulilokutana nalo juu. Mwaka 2024 mpango huo ulifikishwa katika mahakama ya serikali kuu na watu ambao jamaa zao waliishi Evanston miaka hiyohiyo, lakini si Weusi. Hoja yao ni kwamba Katiba hairuhusu serikali kugawa fedha za nyumba kwa kuangalia rangi ya mtu.